Joto la Vifaranga Garsen

Wanaoijua Garsen kwa jua lake huniuliza: vifaranga wa huku wanawashiwa taa ya nini? Huwaambia waje walale kwetu mwezi wa Julai, kusi inapovuma na mvua ikapiga mabati usiku kucha. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Usiku wa kusi huku hushuka hadi ishirini na kitu, naye mwilini hana ila usufi. Wakipata baridi hurundikana kwenye pembe, na asubuhi unakuta wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana kibanda cha kulelea hujengwa mviringo, kisiwe na pembe hata moja.

Nyanya hakuhitaji kujua habari za nyuzi. Kuku wake aliatamia ndani ya tenga jikoni, akitotoa, joto lilikuwa chini ya mbawa zake. Maadui walikuwa mwewe na kenge, na hao walikula sana. Lakini hakuna aliyepiga hesabu ya hasara. Kuku alikuwa wa mgeni, hakuwa biashara.

Mambo yaligeuka vifaranga walipoanza kuja bila mama yao, ndani ya katoni zenye matundu, juu ya basi la kutoka Malindi. Mama yangu alianza na kandili. Ilitosheleza vifaranga wachache, ila chemni ilijaa masizi na mafuta taa yalipanda bei. Akahamia jiko la makaa ya mathenge. Mti huo ulipandwa Bura na Hola miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, ukatapakaa hadi ukala malisho ya wafugaji. Nami siupendi, lakini makaa yake hukaa na moto. Tatizo ni ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukiziba kibanda, vifaranga wanalewa. Ukiacha upenyo, upepo unaingia. Mama alikuwa akiamka usiku kuongeza makaa na kusikiliza. Vifaranga walioshiba joto hunong'onanong'ona tu. Wenye baridi hupiga kelele.

Laini kubwa ya stima ya kilovolti 220 kutoka Rabai hadi Lamu, inayopitia Malindi na Garsen, ilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Kwetu stima ilipofika tulitundika balbu za kawaida, zile za wati 100. Kichekesho ni kwamba nchi ilikuwa inazikimbia. Mwaka 2010 balbu za kuokoa umeme zaidi ya milioni moja ziligawiwa bure kwa Wakenya, kwa sababu zile za zamani hugeuza sehemu kubwa ya stima kuwa joto. Sisi joto ndilo tulilokuwa tukilitafuta! Tulizunguka madukani tukiuliza balbu mbovu za zamani, wenye maduka wakitushangaa.

Baadaye ikaja balbu nyekundu ya wati 250, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wekundu wake una faida: vifaranga hulala, na hawaoni vizuri damu ya mwenzao wakaanza kumdonoa. Fundi wa stima aliyetufungia hakuwa na maneno mengi, lakini alikataa katakata holda ya plastiki. Kwa jirani mmoja ililainika, taa ikaning'inia kwa waya tupu juu ya maganda ya mpunga, na maganda makavu hayangoji cheche mbili. Alitaka holda ya kauri, kofia ya bati, na waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na manjano ukikazwa kwenye bati lenyewe. Taa haikubebwa na waya wa stima. Ilibebwa na mnyororo uliofungwa kwenye boriti, na wa pili wa akiba iwapo wa kwanza utakatika. Kwenye plagi alitoa fyuzi ya ampea 13 akaweka ya 3, kwani taa hiyo hula ampea moja tu.

Mnyororo ulikuwa na kazi nyingine. Taa ilianzia kama sentimita 45 juu ya maganda, kisha kila wiki tukaipandisha, joto lipungue kwa nyuzi mbili tatu. Wakijikusanya chini ya taa, ishushe. Wakikimbilia kuta, mbawa wazi na midomo wazi, ipandishe. Wakiegemea upande mmoja wote, tafuta upepo unapopenya.

Mama alitazama mita, si vifaranga. Taa moja hula yuniti nzima kila saa nne. "Mwanangu, hii nayo inataka kulishwa kuliko kuku," alisema, na tokeni zilipoisha usiku wa manane hakuna aliyembishia. Paneli ya jua ya nyumbani haiiwezi kabisa.

Sasa tunaiwasha wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo usiku vifaranga hulala ndani ya boksi la mbao lenye duara la seng'enge katikati, nyasi kavu zikishindiliwa pembeni na gunia juu, wakapashana joto wao kwa wao. Asubuhi hutolewa kula. Taa yenyewe mwezi huu iko Minjila kwa jirani aliyeanza kufuga bata mzinga. Aliichukua na minyororo yote miwili.