Mkono Mzito wa Klachi

Sisi walimu wawili wa hapa Guta tuna pikipiki moja kuukuu, nayo ndiyo huchukua wagonjwa usiku kwenda Bunda. Mwezi uliopita tulimpakia mama mjamzito. Tulipofika penye mchanga, vidole vya kushoto vilikuwa vimekwisha kufa ganzi. Mkono wa klachi haukukazwa sawasawa, injini ikazimika, ikatupasa kumshusha yule mama gizani. Alifika salama, lakini aibu ilitubakia.

Fundi mmoja alitushauri tutie springi dhaifu. Tulikataa. Springi ndizo ziyabanazo mabamba ya klachi. Zikilegea, mabamba huteleza, na penye mwinuko injini hupiga kelele bure wala gurudumu halipati nguvu.

Basi tukautazama waya. Tuliufungua ncha zote mbili, tukauvuta: ulikwama ndani ya ala yake kwa vumbi na kutu. Nyuzi zilikuwa nzima. Lau zingalikatika, dawa ni waya mpya. Tukafunga kipande cha nailoni juu yake mfano wa faneli, tukadondosha oili nyepesi hata ikatoka chini, nyeusi kwanza, kisha safi. Tukapaka grisi kwenye pini ya mkono, tukaupitisha waya upya usikunjike nyuma ya taa, tukaacha mkono ucheze milimita 10 hadi 20 nchani. Sasa vidole viwili vyatosha.

Ndugu wasomaji, mwaka mzima tuliulaumu uzee wa chombo, kumbe kosa ni uvivu wetu. Mtu asimngoje mgonjwa ndipo atie mafuta.