Mguu wa bi harusi na mkanda wa Maskati

 Leo hatuna hina wala mitindo ya shela. Tunataka tuzungumze juu ya mguu uliofanyiwa operesheni, maana hapa dukani kwetu Unguja mabibi harusi wanaokuja na goti lililopasuliwa si wachache. Vespa na bodaboda zinatuvunjia watoto. Na wakija, swali lao huwa la gauni: "Dada, mtanificha vipi huu mguu mwembamba?"

Kuficha tunajua, ndiyo kazi yetu. Lakini mguu hauponi kwa marinda.

Binti wa dada yetu alianguka na vespa, kano la ndani ya goti likakatika. Akapelekwa Maskati kwa ami yake, mmoja wetu akamsindikiza, akafanyiwa operesheni ya kutengenezewa kano jipya. Wiki ya 6 tukampima kwa futi letu la dukani, paja juu kidogo ya goti: kulia inchi 20, kushoto inchi 18 na robo. Harusi ilikuwa imeshapangwa Mfunguo Sita. Mama yake alilia alipoona ile futi.

Tulivyoelezwa kule ni hivi. Baada ya operesheni goti huvimba na kuuma, na msuli mkubwa wa mbele ya paja huwa kama umezimwa. Mtu anauamrisha, hauitiki vizuri. Tena hautumiki, basi unasinyaa haraka. Kuurudisha kwa kawaida kunataka uzito mkubwa, asilimia 60 au 70 ya kile mtu anachoweza kunyanyua kwa nguvu zake zote. Sasa kano bichi lile utalibebesha uzito huo? Haiwezekani. Na uzito mdogo peke yake haujengi msuli wa maana. Hapo ndipo wengi wanapokwama, miezi inapita, wanachechemea.

Ndipo ukaja mkanda. Ukiuona utasema ni ule wa kupimia presha, ila mpana zaidi, unafungwa juu kabisa ya paja. Mashine kwanza inapima ni presha kiasi gani inayozima kabisa mpigo wa damu katika mguu wa mtu huyo. Kisha mkanda unajazwa upepo kwa sehemu tu ya presha hiyo. Kwa mguu inaweza kufika asilimia 80, kwa mkono 40 hadi 50. Kila mtu na chake, kama sisi tusivyokata gauni kwa kipimo cha mtu mwengine. Damu inayoingia inapungua, inayotaka kurudi juu inazuiliwa. Msuli unafanya kazi kwa hewa kidogo, taka zake zinajaa ndani, nao unadhani umebeba mzigo mzito. Mwili unaanza kuujenga. Uzito wenyewe ni asilimia 20 hadi 30 tu. Anyanyuapo kilo 10 kwa nguvu zake zote, hapa anapewa 2 au 3.

Mwanetu alinyoosha goti mara 30, akapumzika sekunde 30, kisha 15, kisha 15, kisha 15 tena, mkanda haujafunguliwa. Ukifika mzunguko wa tatu paja linawaka kama limepakwa pilipili. Alikuwa anasoma istighfari kwa sauti, mtaalamu anacheka naye. Mkanda ukifunguliwa, moto unaondoka.

Asili yake ilitushangaza. Mwaka 1966 kijana wa Kijapani, Yoshiaki Sato, alikuwa amekaa muda mrefu katika ibada yao ya kumbukumbu ya wafu, miguu ameikunja chini yake. Miguu ikafa ganzi, ndama zikamjaa kama mtu aliyetoka mazoezini. Akajiuliza, je, ni damu iliyozuiliwa? Akajaribu mikanda kwa miaka, na mwaka 1973 alipoumia mguu kwenye theluji akajitibia nayo mwenyewe. Baadaye wataalamu wa tiba wa jeshi la Marekani waliitumia kwa askari waliojeruhiwa Iraq na Afghanistan. Wapenzi, mkao ule wa Sato haupishani sana na wetu wa tahiyyatu. Sisi tumeukaa tangu utotoni, hatukuuliza kitu!

Na tahiyyatu ndiyo iliyomuuma binti kuliko harusi. Alikuwa anaswali juu ya kiti na kuona haya mbele ya wenzake. Haya ya nini? Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimruhusu akae akishindwa kusimama. Goti jipya halilazimishwi kukunjwa kwa ajili ya macho ya watu.

Jambo la stara nalo. Mkanda unakaa juu ya paja, hivyo ombeni mapema mtaalamu mwanamke. Maulamaa wanasema aanzwe yeye. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake na hufunuliwa penye haja tu. Sisi tulimshonea suruali pana ya pamba nyepesi, bila mshono mnene ubavuni, maana mkunjo wa nguo chini ya mkanda unachubua ngozi. Mtaalamu akakubali kufunga juu yake.

Sasa la hatari. Bibi yake aliposikia alisema, "Si kufunga tu? Lastiki imejaa dukani kwenu." La, bibi yangu! Lastiki na kanga hazina kipimo. Zinaweza kuumiza mishipa ya fahamu au kuzima damu kabisa. Asiwepo wa kujifunga nyumbani. Mwenye mimba, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye presha isiyotulia, mwenye selimundu (na pwani yetu tunayo mingi), aseme kabla hajaguswa. Na nyinyi mabibi harusi mnaokunywa vidonge ili siku zenu zisiangukie wiki ya harusi, au vya uzazi wa mpango, semeni pia. Vingine vina homoni zinazoongeza uwezekano wa damu kuganda, na operesheni ya mguu nayo inauongeza. Ndama ikivimba, ikapata moto na kuuma, au kifua kikabana, nendeni hospitali usiku huohuo. Msisubiri mafuta ya karafuu.

Hatusemi mkanda ni muujiza. Mguu unapoweza kubeba uzito mkubwa, uzito mkubwa ndio unaoleta nguvu zaidi. Mkanda ni daraja la kukufikisha huko, na mazoezi mengine yote ya kukunja, kunyoosha na kutembea yanabaki palepale. Binti wetu aliyafanya akiwa na hamu na akiwa hana.

Wiki moja kabla ya harusi futi ilisoma inchi 19 na robo. Bado tofauti ipo, na mtaalamu alisema kazi ni ya miezi mingi mbele, lakini alikuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta, alhamdulillah. Gauni tukalipunguza inchi 2 chini, la viatu bapa. Wifi yake aliyetaka visigino virefu tukamwambia avivae yeye.