Maisha ya Mcheza Gofu wa Ridhaa

Ukinikuta Jumamosi alfajiri katika kituo cha daladala hapa Dar es Salaam, nimesimama na mfuko mrefu begani, usinikimbie. Wako wanaodhani nimebeba bunduki. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa heshima zote kama natoka kuwinda au ndiyo naenda. Konda yeye hana maswali: anautazama mfuko kuanzia juu hadi chini, kisha ananidai nauli ya watu wawili. Nami hulipa bila ubishi, kwa sababu mfuko wenyewe hukaa vizuri kuliko abiria wengi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na siku za mapumziko ni mcheza gofu wa ridhaa. Neno "ridhaa" hapa lina maana kwamba nacheza kwa kupenda, silipwi. Ukweli ni kwamba anayelipa ni mimi. Watu wakisikia gofu huwaza mabwana wenye magari makubwa, na mabwana hao kweli wapo. Lakini katika kundi letu la Jumamosi yumo fundi wa majokofu, yumo muuguzi, yumo askari mstaafu, nami nimo. Fimbo zangu ni za mtumba. Kanuni inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Mimi ninazo tisa, na kati ya hizo tisa ni nne tu ambazo tunasikilizana. Mipira nanunua kwa vijana wanaoiokota vichakani na kwenye madimbwi. Mara nyingine nauziwa mpira nilioupoteza mwenyewe wiki iliyopita, ukiwa bado na alama yangu ya wino mwekundu. Hata hapo muuzaji hapunguzi bei.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi kwetu hutunzwa vicheko. Jioni nafanya mazoezi uani kwa mpira wa soksi, kwa amri ya mke wangu ambaye anavipenda vioo vya madirisha yake. Jirani huchungulia juu ya ukuta na kuuliza, "Mwalimu, nyoka ameshakufa?" Siku moja mke wangu alikaa kwenye kigoda akachambua mchele huku akinitazama, halafu akasema: "Baba watoto, mpira wa miguu unakimbia, unadunda, watu kumi na mmoja wanaukaba, na bado unapigwa. Huo wako umelala tu hapo. Unakushinda kwa lipi?"

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, na kwa kuwa wewe msomaji unajiandaa kwa mtihani, tulijibu kwa hesabu. Mpira wa gofu una kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Shimo linalousubiri lina kipenyo cha milimita 108. Sasa chukua kwamba bendera iko mita 150 kutoka uliposimama, na uso wa fimbo yako umeutuma mpira nje ya mstari kwa nyuzi 2 tu. Tanjenti ya nyuzi 2 ni 0.0349. Zidisha kwa 150, utapata mita 5.2. Nyuzi mbili huwezi hata kuziona kwa macho, lakini mpira umekwenda kuangukia mchangani. Hapo hatujaingiza upepo wa baharini, wala kule kuzunguka kwa mpira kunakoufanya ukunje njia hewani kama ndizi.

Ukishauokota utaona umejaa vibonyeo, kwa kawaida zaidi ya 300. Si urembo. Vibonyeo hivyo huifanya hewa iushike mgongo wa mpira kwa muda mrefu zaidi, mvuto wa nyuma ukapungua. Mpira laini usio na vibonyeo, ukipigwa kwa nguvu ile ile, huenda takribani nusu ya umbali. Mwalimu wako wa fizikia atafurahi ukimwuliza habari hizi.

Lakini sababu kubwa ya mpira uliolala kukushinda ni kwamba umelala. Mpira wa miguu haukupi nafasi ya kufikiri. Huu unakusubiri. Unapata wakati wa kukumbuka miguu, mabega, viwiko, dimbwi la kushoto, ada ya shule, na kwamba watu watatu nyuma yako wamenyamaza kwa ajili yako.

Anayenisaidia kunyamazisha kelele hizo ni kedi, yaani kijana anayebeba mfuko na kutoa ushauri. Huyu wangu ana umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, na anacheza vizuri kuliko mimi kwa mbali sana. Ananiita Mwalimu, nami uwanjani ni mwanafunzi wake. Nikiomba fimbo kubwa kwa tamaa, ananipa ndogo bila kusema neno. Mpira ukienda majini hacheki. Anatoa mwingine mfukoni, anaufuta, ananikabidhi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza hivyo hivyo, kwa kubeba mifuko ya watu kama mimi na kuvumilia wanayoyaona.

Sasa nikueleze kitu kinachonifanya niamke alfajiri. Kinaitwa handikapu. Uwanja una mashimo 18 (idadi iliyotokana na uwanja wa St Andrews huko Uskochi, ambao mwaka 1764 ulipunguzwa kutoka mashimo 22), na kila shimo lina idadi ya mikwaju anayotarajiwa kuitumia mchezaji hodari. Jumla ikiwa 72, hodari atazungukazunguka hapo. Mimi hupiga 95. Lakini kadi zangu za nyuma zimeonyesha uwezo wangu, nikapewa handikapu 24. Toa 24 kwenye 95, inabaki 71. Askari mstaafu wa kundi letu ana handikapu 6. Siku akipiga 79, yake inabaki 73. Nimemshinda, ingawa tukiwa uwanjani kila mtu anaona wazi nani anajua gofu na nani anaua nyoka. Sijui mchezo mwingine ambao mtu dhaifu na mtu hodari wanaweza kushindana kwa haki namna hii bila hodari kujifanya mlegevu.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya kadi za kweli, na hapa ndipo panapochekesha: uwanja ni mpana, refa hayupo. Tunabadilishana kadi, mimi naandika mikwaju yako, wewe unaandika yangu, mwisho tunatia saini. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga mikwaju 3 kwenye shimo la 17, lakini mwenzake Tommy Aaron akamwandikia 4. De Vicenzo akatia saini bila kukagua. Kanuni inasema namba kubwa iliyotiwa saini inabaki kama ilivyo. Akakosa kwa mkwaju mmoja nafasi ya kurudiana na Bob Goalby kugombea ubingwa, na siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 45. Darasani nikisema "kagua kazi yako kabla ya kukusanya karatasi," huyo ndiye ninayemwona.

Mashahidi wengine wana mabawa. Kunguru wa jiji letu huiona mipira myeupe kama mayai. Anatua, anautia mdomoni, huyo anaondoka. Kanuni imemfikiria: ikijulikana kwa hakika kwamba mnyama au ndege ndiye aliyeuchukua, unaweka mwingine pale pale bila adhabu. Kama hakuna uhakika, unapewa dakika 3 za kutafuta, kisha mpira unahesabiwa umepotea, unarudi ulikopigia na unaongezewa mkwaju. Ndiyo maana utawasikia watu wazima, wenye vyeo vyao, wakipaza sauti uwanjani kwa furaha: "Nimemwona! Nimemwona kunguru!"

Nilikusudia niishie kwenye mambo ya kuchekesha, ila kuna Jumamosi moja ya mwezi Februari inayostahili kusimuliwa. Joto la Dar es Salaam la Februari unalijua au umelisikia. Zawadi ya mashindano ya mwezi huo ilikuwa feni ya kusimama. Fundi wetu wa majokofu, mtu anayepoza nyama na maji ya watu wengine mchana kutwa, nyumbani kwake hana feni. Mkewe alikuwa ameshaitengea pembe ya chumba.

Siku hiyo Fundi alicheza kama mtu mwingine. Handikapu yake ni 18, na mimi ndiye niliyeshika kadi yake. Tulipofika shimo la 16 nilikuwa nimeshapiga hesabu kimya kimya: akimaliza kwa mwendo ule, hakuna wa kumgusa. Mpira wake ukaingia chini ya mwembe. Wangu ulikuwa mchangani, upande wa pili, hatua kama themanini. Makedi wote walikuwa wametangulia kuangalia bendera. Nikamwona anainama, anasimama, halafu anainua mkono.

"Mwalimu! Niongezee mkwaju mmoja."

Nikamfuata. Alikuwa ametoa kijiti kikavu kilichouegemea mpira, na mpira ukasogea. Kutoa kijiti ni ruhusa. Mpira ukisogea kwa sababu hiyo, ni adhabu ya mkwaju mmoja na unaurudisha mahali pake. Ila kanuni hiyo hiyo inatofautisha: mpira uliotikisika ukarudi pale pale hauhesabiwi kuwa umesogea. Nikamwuliza taratibu, kwa kuwa swali lilikuwa halali na mlango ulikuwa wazi: "Fundi, umesogea, au umetikisika tu?"

Akachuchumaa. Akatazama majani muda mrefu, kama anavyotazama mashine ya jokofu iliyogoma. Kisha akaweka kidole. "Ulikuwa hapa. Sasa uko hapa." Kati ya hapa na hapa kulikuwa na nafasi ya punje ya mchele.

Nikaandika.

Akamaliza kwa mikwaju 87. Toa 18, inabaki 69. Bwana mmoja wa kundi la mbele naye alikuwa na 69. Wakifungana, kamati yetu inaangalia mashimo tisa ya mwisho, na ule mkwaju wa mwembeni ulikuwa humo humo. Feni ikaenda kwa yule bwana ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, ana viyoyozi vitatu.

Kijiweni kwa makedi mjadala uliendelea hadi jioni. Kijana wangu alikuwa upande wa wanaolaumu. Punje ya mchele, alisema, haimsogezi mtu karibu na shimo. Kwa nini adhabu ya punje iwe sawa na ya mita nzima? Hoja hiyo ina nguvu, na darasani ningempa alama zake. Jibu langu kwake lilikuwa kwamba chini ya ule mwembe hakukuwa na rula. Kulikuwa na jicho la Fundi tu, na kanuni ikianza kulitegemea jicho hilo kwa kusema "kidogo" na "kingi," kila mpira uliosogea Dar es Salaam utakuwa umesogea kidogo. Hakukubali. Bado tunabishana, hasa tukisubiri kundi la mbele litupishe.

Nilimsimulia pia habari za Bobby Jones, Mmarekani aliyesomea sheria na kubaki mchezaji wa ridhaa hata mwaka 1930 aliposhinda mashindano makubwa manne ya wakati ule kwa mpigo, kisha akastaafu akiwa na miaka 28. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, mpira wake ulisogea kwenye majani marefu. Hakuna mwingine aliyeuona. Akajiongezea mkwaju. Mwisho wakafungana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja. Kedi alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza kama na huyo naye kwao hakukuwa na feni.

Juu ya mke wa Fundi, tulikuwa na wasiwasi. Fundi mwenyewe alitusimulia wiki iliyofuata. Alimweleza mkewe yote: mwembe, kijiti, punje ya mchele. Mama akauliza jambo moja tu: "Mpira ulisogea kwenda mbele au nyuma?" Akamjibu, "Nyuma." Mama akacheka hadi akashika ukuta, na majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Kadi ile ya 87 iliingizwa katika hesabu kama kadi nyingine zote. Ilikuwa kadi nzuri, hivyo handikapu yake ikashuka kutoka 18 hadi 17. Maana yake mashindano yajayo atatolewa mkwaju mmoja pungufu kuliko zamani. Zawadi, tumeambiwa, ni pasi ya umeme.