Fundo la Nane Chini ya Mnara wa Fischer

Basi litokalo Kampala kwenda Nairobi hupita Malaba, Eldoret na Nakuru, na abiria wengi huwa wamelala linapofika Naivasha. Sisi wawili tulishuka hapo alfajiri: mimi, karani wa serikali, na shemeji yangu, sajini wa polisi aliyekuwa likizoni. Yeye alikuwa ameazimia kuupanda mnara wa mawe ulio katika Hifadhi ya Hell's Gate. Mimi nilifuata nusu kwa udugu, nusu kwa kuona haya kukataa.

Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984, ni ndogo, na mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli kati ya punda milia na swala. Si mbali na lango la Elsa ndipo uliposimama Mnara wa Fischer, wenye kimo cha mita 25 hivi. Hilo ni koo la volkano ya kale: uji wa moto uliganda ndani yake, kisha mawe laini ya pembeni yakaliwa na mvua na upepo. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyewahi kukaa Unguja, ambaye alifika huko mwaka 1883. Wamaasai wana habari yao iliyo bora zaidi: kwamba ni bibi arusi aliyekatazwa kugeuka nyuma, akageuka kulitazama boma la baba yake, akawa jiwe.

Kiongozi wetu alikuwa binti mdogo kwa umri. Alitufunga mikanda ya kiunoni na mapajani, akatuvika kofia ngumu. Kamba ilikuwa imekwisha kupitishwa katika vyuma vya kileleni. Ncha moja ni ya mpandaji, na upande wa pili hushikwa na mwenzake aliye chini. Shemeji aliichukua ncha yake, akapiga fundo analofungia mizigo ya lori. Binti akalifungua bila kusema neno, akaanza kutufundisha.

Hupimwa dhiraa mbili kutoka kwenye ncha. Hapo kamba hukunjwa kitanzi, ncha ikazungushwa nyuma ya shina la kamba na kuingizwa kitanzini kwa mbele, ikatokea tarakimu ya 8. Kisha ncha hupitishwa katika matundu mawili ya mkanda, la mapajani na la kiunoni, halafu hurudi ikifuata njia ya ile nane ya kwanza, pinda kwa pinda, sambamba nayo, mpaka itokee pale shina lilipoingilia. Huvutwa kila uzi mmoja mmoja ili fundo likaze. Mwisho huhesabiwa: kamba zionekane zimelala mbili mbili, jozi tano, na mkia uliobaki usipungue shibiri. Uzuri wa fundo hili ni kwamba kadiri linavyobeba uzito ndivyo linavyojibana, na kosa lake huonekana kwa macho.

Tulifunga. Shemeji alikuwa katikati ya kurudisha ncha alipoona kiatu chake hakijafungwa. Akainama, akafunga kiatu, huku akinisimulia habari za posho. Alipoinuka aliweka mkono juu ya jiwe.

"Afande, simama," alisema binti.

Kwa mbali fundo lilionekana zima. Binti alilivuta kwa vidole viwili tu, na ncha ikachomoka yote, ikabaki mkononi mwake. Hapana aliyecheka. Ndipo alipotuambia habari za Lynn Hill, Mmarekani bingwa wa kupanda miamba, ambaye mwezi Mei mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, alipitisha kamba katika mkanda wake lakini hakulimaliza fundo. Koti lilikuwa limelifunika. Alipanda hadi juu salama. Alipoiegemea kamba ili ateremshwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalipunguza kishindo, akapona.

Nilidhani shemeji angekasirika, maana kikosini kwake yeye ndiye anayekagua wengine. Alifunga upya, akainua mikono kama kuruta gwarideni, akakaguliwa. Kisha akamuuliza, "Na la kwako, binti, nani amelikagua?" Akamwonyesha. Shemeji akahesabu kwa sauti hadi tano.

Alifika kileleni, pimbi wakimkimbia. Mimi niliishia theluthi mbili ya njia, miguu ikitetemeka, nikaomba kuteremshwa. Na nikiri kwamba katika kuning'inia kule sikutazama mandhari yoyote isipokuwa fundo langu.

Katika safari ya kurudi alikuwa na kipande cha kamba kuukuu alichopewa, akawa anafunga na kufungua magotini kwake. Mtoto wa kiti cha pili akavutiwa, akapewa kazi ya kuhesabu. Mara mbili alisema ni nne, na mara zote mbili alikuwa sahihi.