Viboko wa Jioni

Kule Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, jua likishuka kila mama huita watoto wake ndani. Saa hiyo viboko wanatoka majini. Wanapita kati ya nyumba kama wenye kijiji, na usiku mwingi nimelala nikisikia mmoja anatafuna majani nyuma ya ukuta. Ole wako umzibie njia ya kurudi majini! Nimeshazika jirani aliyekutana naye gizani. Kwa hiyo mkinisikia nawatetea, msidhani siwaogopi.

Lakini sisi watu tumewaua kupita kiasi. Miaka ya 1970, parki ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 30.000. Mwaka 2005 hawakufika 1.000. Vita vilileta bunduki, na mwenye bunduki hasumbuki kumtafuta, kwa kuwa kiboko ana njia zake alizozoea. Nyama inauzwa, meno yanauzwa. Na jike hubeba mimba miezi minane, akazaa mtoto mmoja tu.

Mimi nauza tilapia ya chumvi mpaka Butembo, ndiyo maana jambo hili linanichoma. Usiku kiboko anakula majani ya nchi kavu, kilo 40 hivi, na mchana anayaacha majini yakiwa mavi (samahani kwa walio mezani). Mavi hayo yanalisha vidudu na mimea midogo ya maji, na samaki wanapata chakula humo. Wavuvi wazee wanasema: viboko walipopungua, nyavu nazo zikawa nyepesi. Kweli, nyavu za matundu madogo na pirogi zisizo na ruhusa zina sehemu yao, tena kubwa.

Nyama ile hailetwi mchana. Inakuja saa mbili usiku, ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, na anayebisha hodi mara nyingi ni mama mwenzetu. Anasema ni nyati, kana kwamba nyati ana ruhusa! Katika kikundi chetu cha akiba tulibishana Jumapili mbili juu ya mmoja wao. Mama mmoja akauliza: “Tukimfukuza, watoto wake watakula nini?” Hakuna aliyejibu haraka. Mwishowe tulimpa mkopo wa kwanza wa mwezi, anunue samaki auze pamoja nasi, na beseni lile asilete tena. Mpaka leo amerudisha nusu.