Korogwe Mpaka Handeni: Nani Kashika Usukani?

Wengi wetu tunaijua Korogwe kwa msosi tu. Basi la Arusha linasimama, unavamia chipsi kuku, unachimba dawa, huyoo umetambaa! Safari hii niliteremka na begi langu kabisa, nikaulizia gari ya Handeni. Ni kilometa 65 za lami, lakini Coaster haiondoki mpaka ijae. Wakati wa kusubiri, abiria wanabishana.

Jirani yangu alikuwa kijana anayesomea ufundi wa ndege pale NIT, Dar, anarudi kwao Handeni. Akamchokoza dereva: "Mzee, ndege siku hizi zinajiendesha. Rubani anapaisha, anawasha otopailoti, anakunywa kahawa yake."

Dereva, mtu mzima wa Kizigua, akacheka. "Na huo mtambo ukigoma, mwanangu? Mkono uliozoea kikombe utakumbuka kazi?"

Msije mkadhani ni porojo za stendi. Marubani wenyewe dunia nzima wanabishania hilo hilo. Wapo wanaosema mtambo hauchoki wala hausinzii, na umepunguza ajali. Wengine wanasema mkono usiotumika unasahau. Mwaka 2013 mamlaka ya anga ya Marekani iliyashauri mashirika yawape marubani nafasi zaidi ya kurusha kwa mkono.

Kijana akatoa kisa cha Kenya Airways, Mei 5, 2007. Boeing 737 iliruka usiku kutoka Douala, Cameroon, kwenda Nairobi. Kapteni akataja otopailoti, akiamini imeshika. Haikushika. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyeiongoza ndege, nayo ikawa inalalia kulia polepole gizani. Kengele ilipolia, kapteni akachanganyikiwa. Watu wote 114 walikufa.

"Unaona!" dereva akaruka.

"Subiri, mzee. Pale mtambo haukukosea. Hakuna aliyehakikisha kama umewaka."

Mama mmoja nyuma akadakia: na ile ya Ethiopia? Kweli, Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika 6 tu baada ya kuruka. Kihisio kimoja kilitoa taarifa za uongo, mtambo ukawa unasukuma pua chini huku marubani wakihangaika kuiinua. Wakafa 157. Gari zima kimya.

Tukaondoka. Milima ya Usambara ikabaki nyuma, mbele vichaka na vumbi jekundu la Uzigua. Dereva, aliyewahi kusukuma mabasi makubwa ya mikoani, akaanza kusimulia king'amuzi cha mwendo cha LATRA. "Kinanisaidia, sikatai. Kinajua nikizidisha mwendo. Lakini hakijui kwamba ng'ombe wamelala kwenye kona."

Mara ng'ombe hao! Kundi zima katikati ya lami, Mmasai na fimbo yake anatutazama. Mzee akashusha gia moja, akashusha nyingine, tukapita kando taratibu kama tunaingia harusini. Kijana wa NIT akapiga makofi.

Nilishukia Chanika, katikati ya Handeni, nikaagiza chai na maandazi. Wewe wa mjini unayeendesha otomatiki, mkono mmoja kwenye simu inayokuonyesha njia, nakuuliza: dakika hii gari lako linaongozwa na nani? Ukisita kujibu, paki kwanza pembeni.