Wageni Waliokuja Kuchimba Matuta

Ndugu msomaji, labda kijijini kwenu hawajafika. Kwetu wamefika mara mbili. Ninasema juu ya wafanyakazi wa kampuni za mjini, wanaopanda milima kwa basi ili wajifunze kushirikiana.

Mimi ni mkulima. Kijiji chetu kiko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro. Huku tambarare ni chache. Ukisimama mlangoni pako, shamba la jirani liko juu ya paa lako, na shamba lako liko juu ya paa la mwingine. Tunalima kabichi, karoti, njegere na maharage kwenye matuta ya ngazi. Ukiyatazama kwa mbali utadhani ni ngazi za jengo kubwa. Wageni hupenda sana kuyapiga picha.

Siku ya kwanza nilimwuliza kijana mmoja, "Mwanangu, ofisini kwenu hakuna kazi?" Akacheka. Akasema kuwa ofisini kila mtu ana meza yake, na watu wa ghorofa ya juu hawawajui wa chini. Basi mara moja kwa mwaka mkuu wao huwapeleka mahali wafanye kazi ngumu pamoja, wale pamoja, wacheze na wazoeane. Safari hiyo ina jina la Kiingereza. Watoto wetu waliligeuza likawa "timubilidi", na sisi wakubwa tukawafuata.

Sioni ubaya wa jambo hilo. Sisi nasi hualikana. Ukiwa na kazi kubwa unapika chakula, na majirani wanakuja na majembe yao. Lakini sisi tunakutana kwa sababu kuna shamba la kulima. Wao wanatafuta shamba ili wapate kukutana.

Wale wa kwanza walikuja Julai 2019. Walikuwa watu 40, wote wamevaa fulana za rangi moja. Walipewa shamba langu kwa sababu liko karibu na barabara. Nilikubali upesi. Wewe ungekataa watu 40 wa bure?

Hapa nieleze kwanza jinsi tuta la ngazi linavyochimbwa. Unachukua miti mitatu na kuifunga pamoja kama herufi A. Juu yake unafunga kamba yenye jiwe. Kwa kipimo hicho unapata mstari ulio sawa kuzunguka mlima, usiopanda wala kushuka. Kisha unaondoa udongo mweusi wa juu na kuuweka kando. Huo ndio wenye chakula cha mimea. Halafu unachimba udongo mwekundu wa chini na kuusawazisha. Mwisho unaurudisha ule mweusi juu yake. Tuta hulala kidogo kuelekea mlimani, ili maji yasiruke ukingo. Na ukingoni unapanda majani yashike udongo. Ukingo haukanyagwi. Hata watoto wetu wanalijua hilo.

Kiongozi wa wale wageni aliwagawa makundi mawili. Akapuliza filimbi. Akasema kundi litakalomaliza tuta la kwanza litapata zawadi. Ndugu msomaji, sijapata kuona watu wakichimba kwa furaha vile! Waliimba, walisukumana, walikanyaga kingo kama ngazi za nyumbani kwao. Udongo mweusi ulifukiwa chini, mwekundu ukabaki juu. Nilipaza sauti mara mbili. Mara ya tatu nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wageni, na mimi nilikuwa nimeshakubali. Saa tisa wakapiga picha, wakatuachia mpira na fulana kumi, wakaondoka.

Mjomba wangu alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, anatazama. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo shamba lile ni lake kabla ya kuwa langu. Jioni nilikwenda kumwamkia. Aliitikia "marahaba" bila kunitazama. Akasema, "Mwekundu juu, mweusi chini. Nimeshauona huo."

Aliuona akiwa mtoto. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya wakoloni wa Kiingereza iliona kuwa udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua. Hilo lilikuwa kweli. Basi watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekataa aliadhibiwa. Lakini mahali pengi udongo mzuri ulikuwa mwembamba. Ukichimba sana, unatoa juu udongo usiozaa. Watu walichoka kwa kazi, kisha wakavuna kidogo kuliko zamani. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa pili wa milima, kukataa amri hiyo. Polisi walikuja, na mtu mmoja akauawa. Mwaka huohuo mpango ukaachwa. Mjomba alikuwa na umri wa miaka 12, na mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa miongoni mwa waliochimba.

Utauliza, mbona leo Mgeta ina matuta? Ni kwa sababu mboga zinapata soko, maji yanafika kwa mifereji, na tuna mbuzi wa kutupa samadi. Tuta lenye samadi na maji linalipa, na mtu hulichimba kwa hiari yake. Lakini mtu wa mjini akisimama shambani na filimbi, mzee yule hukumbuka mengine.

Masika ya mwaka 2020 kingo zangu tatu zilibomoka. Udongo ulifunika njegere za jirani yangu wa chini. Nilimpa maharage debe mbili, akayapokea, lakini hakunisemesha kwa miezi miwili. Kabichi nilizopanda kwenye udongo mwekundu zilikuwa ndogo kama ngumi, na majani yake ya njano.

Mwaka 2023 kampuni nyingine ikaleta barua. Mtendaji wa kijiji alikuja mkutanoni na karatasi mbili, tutie sahihi au dole gumba. Mimi nilikuwa nimejiunga na darasa la kisomo mwaka 2021. Nilikuwa sijawahi kusoma kitu chochote mbele ya watu. Nikaomba zile karatasi. Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na vijana wa nyuma walianza kucheka. Nikafika kwenye neno moja refu: ha-i-ta-wa-ji-bi-ka. Kampuni haitawajibika kwa uharibifu wowote. Nikamwuliza mtendaji maana yake. Akasema, "Wakiharibu, hawalipi." Kicheko kikaisha.

Tulijibu barua ile. Tulisema hakuna mashindano. Tulisema mwenye shamba ndiye kiongozi wa kazi. Malipo yapokelewe ofisi ya kijiji kwa risiti, na akina mama watakaopika walipwe siku ileile. Kitakachoharibika kitengenezwe kabla basi halijaondoka. Kampuni ilikubali hayo, ila ilikataa kulipia kitakachobomoka baadaye. Wengine walitaka tukatae kabisa. Mimi nilitaka tukubali, na mpaka leo tunabishana juu ya jambo hilo.

Walikuja watu 30. Safari hii mjomba alitoka na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe. Mkurugenzi wao, mama wa makamo, alimpigia magoti, "Shikamoo mzee." Mjomba akamwambia ashike udongo mweusi kwa mkono mmoja na mwekundu kwa mwingine. Kisha akawapanga wote katika mstari mmoja, wakapitishiana udongo mweusi kwa vikapu mpaka kando ya shamba. Watu 30 walishinda kutwa nzima kwenye tuta moja tu! Kijana mmoja aliuliza nani ameshinda. Mjomba akasema, "Ngoja mvua."

Wakati wa chakula niliwaambia kuwa mto Mgeta unaingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaopeleka maji kwao Dar es Salaam. Udongo wangu ukibomoka, unashuka na maji hayo. Yule mkurugenzi aliacha kula kidogo, akaniuliza mbona hatukulisema hilo katika barua. Sikuwa na jibu.

Tuta lile la 2023 bado limesimama. Yale ya 2019 ninayapelekea samadi ya mbuzi kila msimu, vikapu kumi kila tuta, na kabichi zake sasa zinakaribia kuwa kama za wenzangu. Jirani wa chini tunasemeshana. Lakini kila mvua kubwa inapokatika ninamwona anapanda taratibu, anapita chini ya kingo zangu, anazibonyeza kwa mkono moja moja, kisha anarudi kwake.